Breki za Nyuma za Nyapal

Nyapal hakulitaka lile gari. Alitaka Yien alikose.

Gari lenyewe, jeupe, la Kijapani, lilikuwa limekaa uani kwake mtaani Gurei tangu mumewe, Yien, ahamie mtaa wa Kator kwa Keji, msichana aliyempita binti yao Nyachangkuoth kwa umri kidogo tu. Breki za nyuma zilikuwa zimekwisha. Yien ni fundi wa magari, lakini hakuzigusa. Siku alipotaka kwenda kujitambulisha kwa kina Keji ndipo alipokumbuka kwamba ana gari, akaja na Gatdet, kaka mkubwa wa baba yake, ili Nyapal alitoe bila maneno.

"Baba, huyu nimemfulia ovaroli za girisi tangu kambini Kakuma," Nyapal alimwambia mzee. "Ameondoka na godoro, nimenyamaza. Gari haendi nalo."

Yien akacheka. "Sawa, Mama Nyachangkuoth. Lifunge breki kwa mikono yako, ulilete Kator Jumapili kabla sijaanza kuongea na wakwe. Likifika na kusimama, ni lako. Lisipofika, nakuja kulivuta."

"Umesema mbele yangu," Gatdet alimwambia.

"Nimesema."

Alisema kwa mzaha. Lakini kwa watu wao, neno la mali likishasemwa mbele ya kaka wa baba, mwenye kulisema hana tena ruhusa ya kulirudisha. Nyapal aliwapa chai, na ya Yien hakuitia sukari.

Kesho yake alikipeleka kitanda cha ndoa sokoni Konyo Konyo, akakiuza, akarudi na lainingi mpya za breki. Kulala chini hakukumsumbua. Kilichomsumbua ni kile kicheko. Miaka yote ya Kakuma, na baadaye Eldoret, alikuwa akishika tochi Yien akiwa amelala chini ya magari ya watu. Alimpa spana kabla hajaitaja. Alipoumia mkono, ni Nyapal aliyeyaendesha magari ya wateja kuyatoa gereji. Hakuna aliyeyaita hayo kazi, na Yien ndiye aliyeyaona si kitu zaidi ya wote.

Jumamosi asubuhi alizuia magurudumu ya mbele kwa mawe, akaachia breki ya mkono, akalipiga gari jeki nyuma na kuliegemeza juu ya magogo. Dramu, lile bakuli la chuma linalofunika breki, lilikuwa limeng'ang'ania kwa kutu. Aliingiza boliti mbili kwenye matundu yake madogo, akakaza hii kidogo na ile kidogo, huku akiifikiria shingo ya Yien, mpaka likaguna na kuachia. Vumbi jeusi likamwagika. Alijifunga kitenge puani akaanza kuzing'oa springi kwa koleo. Moja aliiita Keji, nyingine akaiita mama yake Keji, na ile ngumu kuliko zote akaipa jina la mumewe.

Hasira ikampeleka mbio. Badala ya kumaliza gurudumu moja huku la pili likimwonyesha kila kitu kinavyokaa, alilifungua na la pili. Alipopoa, springi za pande zote zilikuwa zimechanganyika ndani ya beseni, na hapakuwa na mahali pa kuangalia.

Yien hakuchagua saa nyingine ya kupita. Alishuka kwenye boda boda, akachungulia beseni.

"Umefungua yote mawili. Nilikuwa nikikuambia nini kila siku?"

"Ulikuwa ukiniambia shika tochi."

"Niombe vizuri nikuonyeshe."

"Heri nimwombe mbuzi."

"Basi, khalas. Kesho nakuja na kamba."

Boda boda ilipoondoka, Nyapal alivuka njia hadi kwa Priscilla, Mkenya mpishi wa hoteli, mwenye gari la aina ileile.

"Priscilla, nataka kufungua gurudumu lako moja."

"La nini, dada?"

"Niangalie ndani, kisha nifunge."

"Na ukishindwa kufunga?"

"Tutakuwa na magari mawili mabovu."

Priscilla alimtazama mikono iliyojaa masizi. "Ni kazi ya kumkomesha yule mumeo?"

"Ni ya kumkomesha."

"Fungua. Hata yote mawili."

"Moja linatosha. Nimeshajifunza."

Alichuchumaa mbele ya gurudumu la Priscilla kama mtu anayekariri sala: springi ndefu hapa, fupi pale, kebo ya breki ya mkono imenasa nyuma. Akalifunga, akarudi kwake, akaweka lainingi mpya na kupanga springi zake vilevile. Alirekebisha mpaka dramu likawa linazunguka na kukwaruza kidogo tu, akapampu pedali mpaka ikawa ngumu mguuni. Akalijaribu kichochoroni. Gari lilisimama, vumbi likalipita.

Jumapili, kina Keji walikuwa wamepanga viti chini ya turubai, mazungumzo hayajaanza. Nyapal aliingia langoni bila kupunguza mwendo, macho yake kwa Yien. Yien, aliyeliona beseni jana, hakungoja. Aliruka akajificha nyuma ya mzee wake. Gari likasimama tuli mbele ya kiti alichokiacha, halijakigusa.

Gatdet hakuwa ameinuka. "Limesimama," alisema.

"Ule ulikuwa mzaha," Yien alisema akijipangusa. "Mama Nyachangkuoth, gari nalihitaji leo. Mbuzi wa wakwe wanasubiri kubebwa."

"Wabebe mgongoni."

Mama yake Keji aliweka glasi chini. "Huyu mama ni nani?"

"Mke wake," Gatdet alimjibu.

"Alituambia mke amerudi Kenya, hawana tena neno. Na gari tulionyeshwa picha, tukaambiwa ni lake."

"Ni la mkewe. Alilitoa mwenyewe, nikiwepo."

Keji alimgeukia Yien. Kaka zake wakasogeza viti karibu, na mmoja akamwambia shemeji aketi, kuna mambo ya kuuliza upya. Nyapal alitia gia ya nyuma, akaliondoa gari polepole sana, dirisha wazi, asije akakosa hata neno moja.