Siku Kidole Gumba Kilipojitegemea

Mimi ni msusi. Kibanda changu kiko mtaani Manyatta, kati ya duka la simu na mama anayekaanga samaki. Mwaka niliojifunza gitaa, wateja walinicheka kwa sababu ya kucha. Za kushoto nilizikata kabisa ili nibane nyuzi vizuri, za kulia nikaziacha ndefu za kudonolea.

"Nani amekutafuna mkono mmoja, dada?" waliniuliza.

Mwalimu wangu alikuwa mume wangu, fundi wa kuchomelea vyuma ambaye pia hupiga gitaa kanisani. Kila jioni alinipa kazi ileile: vidole vipande na kushuka skeli, ile ngazi ya noti, kwenye nyuzi nyembamba, huku kidole gumba kikipiga besi kwenye nyuzi nene, dum, dum, dum, dum, bila kuvijali vingine. Rahisi kusema! Changu kilifuata wenzake kama mtoto wa chekechea. Vikipanda, nacho kinataka kupanda, vikisimama, kinasimama.

"Hicho kidole ni miguu yako," mume wangu alinieleza. "Ukitembea ukiongea, miguu inasimama kusikiliza?"

"Yangu husimama."

Alicheka mpaka akashika ukuta.

Jumamosi moja mchana nilikuwa namsuka mama anayeuza samaki ufuoni Dunga, mwanamke wa vicheko. Nusu ya kichwa ilikuwa tayari, nusu nyingine nywele zimesimama wima. Nilikuwa natafuta mstari mpya kwa ncha za vidole, gumba limeegemea shingoni mwake, naye ananisimulia harusi waliyokula huko Ahero. Akakatiza hadithi.

"Dada, mbona unanigonga?"

"Sijakugonga."

"Yawa! Unanigonga. Dum, dum, dum."

Nikautazama mkono wangu. Gumba lilikuwa linatembea lenyewe, taratibu, na vidole vingine vinaendelea na shughuli zao kichwani. Niliogopa hata kupumua. Nikanyoosha mkono wa kushoto, nikatoa gitaa msumarini, nikakaa juu ya kreti ya soda na kujaribu.

Ikaja! Besi ikatembea, skeli ikapanda juu yake, ikashuka, ikapanda tena, kila moja na njia yake. Nilipiga yowe. Mteja wangu akainuka na taulo begani, akaanza kutikisa mabega kama amerudi Ahero. Mama wa jirani akaacha samaki wake, akaingia akicheza na kijiko cha kugeuzia mkononi.

Mume wangu alitukuta hivyo alipoleta chakula.

"Kula kwanza," akasema.

"Siwezi! Nikiacha, kidole kitasahau!"

Akaniangalia. Akanawa mikono, akamega ugali, akachovya kwenye mchuzi wa dagaa wa omena, akanitia mdomoni. Nikatafuna huku napiga.

"Tafuna polepole," akaniambia kwa sauti ya mwalimu. "Unaikimbiza besi."

Nikapaliwa kwa kicheko. Besi ikaanguka, skeli ikaanguka, mimi mwenyewe nusura nianguke kutoka kwenye kreti. Nilipofuta machozi na kuanza upya, vyote vikarudi.

Kisha simu ya mteja ikalia: boti imefika na samaki. Akajifunga leso juu ya kile kichwa cha nusu, akaruka kwenye bodaboda.

"Nitakuja Jumatatu!" alipaza sauti. "Leo wewe piga tu!"

Jumatatu alikuja kweli, na wenzake wawili wa sokoni. Walitaka kusukwa, wakasema, lakini kwanza wapigiwe gitaa.