Gitaa Ambalo Hakulipiga

Kila asubuhi mzee jirani, mwanamuziki, hugonga mfuniko wa sufuria kwa kijiko, kisha huinamisha kichwa mpaka mlio uishe wenyewe. Alianza zamani, Mama wa nyumba ya pili akiwa bado anambeba binti yake mgongoni. Sasa binti huyo ametengeneza filamu kumhusu mzee, na chini ya mlio wa mfuniko ameweka gitaa tamu. Mzee alitazama, vidole vikipapasa goti.

"Mjukuu wangu, anayepiga gitaa ni nani?"

"Nimeongeza tu, babu, watu wasichoke."

"Basi kamrekodi yeye. Mimi huwa nachosha."

Mama, aliyekaa kando yao, alijua: mzee akikataa filamu isionyeshwe, miezi minane ya kazi ya mwanawe imekwenda na maji. Binti akaliondoa gitaa kwenye filamu. Mfuniko ukalia peke yake, ukikwaruza, na Mama akasikia harufu ya sabuni ya nepi alizokuwa akianika wakati ule, binti akiwa mgongoni.