Nesi aliyechora unyayo wa mama yangu Matogoro, nikamfukuza

Wakuu, habari za humu ndani. Wakubwa zangu shikamooni.

Hili jambo nimekaa nalo tangu mvua zinaanza, leo nimeona nilitue hapa. Siongezi chumvi, hata bila chumvi limeshanitosha. Na mkosaji ni mimi, kwa hiyo mwenye matusi ayatunze mpaka mwisho.

Niko Songea, nauza viatu vya mtumba Majengo, miaka mingi sasa. Ukipita mbele ya meza yangu naangalia miguu kabla ya sura, nakutajia namba yako bila kukupima. Shikeni hapo kwanza.

Mama yangu anaishi Matogoro, kwenye nyumba aliyoiacha mzee. Ana sukari ya muda mrefu na miguu ilishaanza kufa ganzi. Kliniki wakampangia nesi wa kumfuata nyumbani kila Jumatano: anamwosha miguu, anamkata kucha, anaangalia kama kuna kidonda, anampaka mafuta. Bure.

Hapo kwenye bure ndipo roho yangu ilipogoma.

Jamani, nesi aache foleni ya wagonjwa, apande bodaboda mpaka Matogoro, apige magoti kumwosha miguu mama wa mtu mwingine? Nikajisemea hapa kuna kitu. Mke wangu akaniambia, "Wewe hata mvua ikinyesha unauliza imetumwa na nani."

Jumatano moja nikafunga meza mapema, nikaenda bila taarifa.

Namkuta nesi kakaa kwenye kigoda, mguu wa mama uko mapajani kwake. Mama kafumba macho. Nesi kashika kijiuzi kigumu cha plastiki, anamgusa nacho unyayo, anauliza taratibu, "Hapa mama, unasikia?"

"Bado hujagusa," mama anasema.

Na alikuwa amegusa, wakuu! Naona kwa macho yangu haya. Anasogeza, anagusa tena, mama anasema bado. Jasho likanitoka na baridi yote ile ya Matogoro.

Akamaliza, akaomba viatu vyote vya mama vipangwe mlangoni. Akawa anaingiza mkono ndani ya kimoja kimoja mpaka mwisho, anapapasa. Vile vyeusi vya ngozi, nilivyompa mama zawadi ya Krismasi, akakaa navyo muda mrefu. Akamwangalia mama. Mama akatikisa kichwa. Kisha wote wawili wakaniangalia mimi.

Halafu akatoa karatasi ngumu, akaitandika sakafuni, akamsimamisha mama juu yake, akauchora mguu kwa kalamu kuuzunguka. Wa kulia, kisha wa kushoto. Akakunja, akatia kwenye begi pamoja na kucha alizozikata, kazifunga kwenye pamba.

Nikauliza, "Sista, hiyo michoro ya nini?"

Kabla hajafungua mdomo mama akadakia, "Ya ofisini hiyo, baba. Kumbukumbu zao."

Nesi akainamisha uso. Mimi mama yangu namjua, akidanganya anashika ncha ya kanga. Na alikuwa ameishika.

Kwa ambao hamjakulia mazingira kama yetu: sisi tumekua tukiambiwa usikubali mtu akachukua unyayo wako. Hata udongo uliokanyaga, ukiona mtu anauzoa, hulali. Mimi Mkatoliki, Jumapili sikosi kanisani, lakini siku ile imani ilikaa pembeni kabisa. Mtu ameondoka na miguu yote miwili ya mama yangu kwenye begi!

Natoka uani nakutana na Mama Ngonyani, jirani wa mama, naye ana lake. "Baba, huyo nesi wenu mimi simwelewi. Mtu mzima anachorwa mguu kwenye karatasi ili iweje? Ni kazi gani hiyo inayotaka mchoro wa mguu?"

Na mimi, muuza viatu, nikaitikia kwa kichwa. Kwamba kweli, ni kazi gani hiyo.

Jumatano iliyofuata nikamsubiri nesi njiani kabla hajafika nyumbani.

"Sista, kuanzia leo usije tena. Mama tutamhudumia wenyewe."

"Kaka, kuna kosa nimefanya?"

"Unalijua mwenyewe."

Akasema, "Sawa. Ila nakuomba mwangalieni kati ya vidole kila siku, hasa kile kidogo cha kulia. Na vile viatu vyeusi..."

Nikamkatiza. "Dada, viatu usinifundishe. Viatu ndiyo kazi yangu."

Akageuza, akashuka zake kwa miguu. Nikajiona mwanaume, nimeilinda nyumba.

Mama alipopata habari alinuna. Akaniuliza swali moja tu, "Umemfukuza aliyekuwa ananiosha miguu. Utaniosha wewe?"

Nikasema ndiyo. Wakuu, sikumwosha hata siku moja. Niliona aibu, mtoto wa kiume niushike mguu wa mama nitenganishe vidole. Nikamnunulia mafuta mazuri, nikayaweka mezani, nikaona nimemaliza.

Jumapili nikampitia twende kanisani. Akatoka kavaa vile vyeusi na soksi. Nikamsifia, "Mama umependeza!" Akacheka. Tulitembea kwenda na kurudi, hakulalamika hata mara moja.

Hakulalamika kwa sababu hakuwa anasikia kitu.

Wiki ile sikwenda tena, kazi zilinibana. Jumapili iliyofuata naingia sebuleni, harufu. Nikadhani panya amefia chini ya kabati. Nimeinama natafuta, naona nzi wamejaa kwenye mguu wa mama. Yeye kakaa tu, ananiuliza kwanini sijanywa chai.

Soksi ilikuwa imegandia. Kidole kidogo cha kulia kilikuwa cheusi.

Hospitali walikikata. Daktari akaniambia tungechelewa siku chache zaidi tungekuwa tunazungumzia mguu mzima. Nilitoka nje nikalia, na sioni haya kulisema hilo.

Mama alipotulia nikarudi kwenye meza yangu. Meza mbili kutoka kwangu yupo fundi Haule, anashona makubazi. Akaniita.

"Jirani, wewe unajuana na watu wa Matogoro. Kuna nesi aliniletea kazi ya mgonjwa wake wa huko. Makubazi yameisha siku nyingi, haji kuyachukua."

Akanitolea. Mapana, ya wazi mbele, mikanda laini, ndani kaweka soli ya sponji. Ile soli naijua. Aliniomba Haule mwenyewe, nikambandulia kutoka kwenye raba mbovu huku tunataniana.

Juu ya kichwa chake, kwenye msumari, ilikuwa inaning'inia karatasi ngumu. Nilikuwa naiona kila siku nikipita kwenda kunywa chai.

Nikaishusha. Mguu wa kulia, kidole kidogo kimepinda kwa ndani, jembe lilimwangukia mama mimi nikiwa mdogo. Pembeni ya kidole kuna alama ya mkasi na mwandiko wa nesi: "Hapa pasibanwe kabisa." Chini fundi kaandika namba, arobaini.

Mimi nilimpa mama thelathini na nane. Namba yake ya zamani, niliyoikariri.

Nilikwenda moja kwa moja kumuuliza. Safari hii hakushika kanga. "Nesi aliniambia viatu vyako vinaniumiza. Nilimwomba asikwambie. Ulivileta mbele ya watu, baba, ukasema namba ya mama yangu naijua kichwani. Ningekuaibishaje?"

Nikaenda kliniki kumtafuta nesi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Yeye aliponiona aliuliza kitu kimoja, "Ni kile kidogo?" Nikaitikia kwa kichwa. Akasema, "Jumatano nitakuja. Na wewe uwepo, ujifunze."

Sasa hivi Jumatano anakuja yeye, siku nyingine nakwenda mimi na beseni. Naosha, nakausha kati ya vidole, naingiza mkono kwenye makubazi kabla mama hajavaa. Nilimuuliza pia kuhusu zile kucha. Anakwenda kuzitupa, basi.

Somo langu ni hili: nilimchunguza mgeni mpaka begi lake, mguu wa mama yangu sikuutazama. Wenye wazazi wenye sukari, nendeni mkawavue soksi leo, msiulize kwa simu. Na wewe uliyewahi kumfukuza mtu aliyekuja kukusaidia, shusha yako hapa tusikie. Matusi sasa ruksa.

Karatasi nilimwomba fundi, nimeitundika mezani kwangu. Wateja wakiuliza nawaambia ni mguu wa mama. Hapo bado una vidole vitano.