Upenyo Chini ya Bati

Mafundi wenzake walimwita Pole Pole, kwa sababu alipima ubao mara tatu kabla ya kuukata. Siku hizi jina lilimfaa hata kwenye kutembea. Magoti yalikuwa yamechoka na kilima kilikuwa kilekile.

Asubuhi hiyo alipanda hadi kwenye kiwanja cha mdogo wake wa kike, mjane. Moto wa nyika uliposhuka mlimani miezi minane iliyopita, Mungu alimtoa yeye na wanawe salama, lakini nyumba iliteketea. Zilibaki kuta nne, nyeusi kama sufuria ya kuni. Sasa alitaka kuezeka upya.

"Kaka, nijengee ileile," alisema, akifagia jivu. "Baraza la mbao, na upepo upite chini ya bati. Mimi na joto hatuivi."

"Baraza la mbao hapana. Na chini ya bati naziba kwa wavu wa chuma, matundu ambayo hata mbu atapita kwa kujibana."

"Unanijengea nyumba au jela?"

Pole Pole akatabasamu kidogo, kisha akakaa juu ya tofali. Kuna neno alikuwa akilikwepa tangu watu wa zimamoto walipofanya mkutano shuleni, siku chache baada ya moto. Walieleza kwamba nyumba nyingi haziungui kwa kufikiwa na moto wenyewe. Upepo hubeba cheche, nazo hutafuta pa kuingilia. Wengine walisinzia. Yeye alitoka jasho.

"Mdogo wangu, moto haukupita mlangoni. Kuta si hizi hapa, nzima? Cheche zilipenya pale chini ya bati zikaangukia dari. Upenyo ule niliuacha mimi. Nilijisifu kabisa, nikasema nyumba lazima ipumue."

Ufagio ukasimama.

"Miezi minane tunalala kwako, tunakula sahani moja, umenyamaza."

"Nilishindwa kusema."

Dada hakulia wala hakumgombeza. Alikuwa amekwisha kulia ya kutosha. 

"Ziba," alisema. "Ziba kote. Joto nitalizoea." Kisha akageukia mtelemko, ambako mabati yalikuwa yanang'aa juani. "Na wale je?"

Pole Pole aliyajua mapaa yake kama mama anavyojua wanawe. Yalikuwa kumi na saba, na yote aliyaachia upenyo uleule, akashukuriwa.

"Nitawaambia. Tukimaliza hapa."

"Kiangazi hakitakusubiri umalize hapa, kaka. Nenda."

Akashuka hadi nyumba ya kwanza, ya mwalimu mstaafu, ambaye alikuwa kivulini na wageni wawili.

"Karibu fundi, karibu," mwalimu alisema kwa furaha. "Ndiyo kwanza nilikuwa nawasifia hawa ubaridi wa nyumba uliyonijengea."

Pole Pole akavua kofia, akaomba kiti.