Jiwe Lililovunja Timu Yetu

Utoto wangu wote niliupitisha chini ya jiwe la Nzambani, si mbali na mji wa Kitui. Ukitoka nje asubuhi kunawa uso, unaliona. Ukienda kuteka maji, unaliona. Ni jiwe moja, refu kuliko nyumba yoyote niliyokuwa nimewahi kuona, limesimama peke yake vichakani. Watu wa kwetu husema kwamba ukilizunguka mara saba unageuka: mwanamume anakuwa mwanamke, na mwanamke anakuwa mwanamume. Siku hizi wageni hupanda ngazi za chuma hadi juu, wakapiga picha na kuicheka habari hiyo. Sisi hatukuicheka.

Nililelewa na Susu, mama yake mama. Mama alikuwa Mombasa kikazi, na nyumbani tulikuwa sisi wawili na mbuzi. Susu hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini kuhusu jiwe alinionya mapema.

"Lile si la kuchezea, Mwikali. Anayelizunguka harudi vile alivyokwenda."

Nilikuwa darasa la sita Mwalimu Ndanu alipoletwa shuleni kwetu kutoka Makueni. Alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu, na wiki yake ya kwanza tu aliuliza kwa nini uwanja ni wa wavulana peke yao. Basi akatutoa darasani jioni moja, akaweka mpira katikati ya ule uwanja wa vumbi jekundu na kutuambia tuupige. Tulicheka hadi tukaishiwa na pumzi. Hivyo ndivyo timu yetu ilivyoanza, tukivaa kaptura tulizoazima kwa wavulana na kucheza miguu mitupu.

Mimi niliwekwa golini kwa sababu sikupenda kukimbia. Mbele alikuwa Kavindu. Sijawahi kuona tena mtoto anayepiga mpira kama Kavindu. Alikuwa mrefu kutuzidi sote, miguu mikavu, na sauti nzito ambayo ukiisikia nyuma yako unageuka kutafuta mvulana. Darasani alikaa nyuma bila kusema neno, maana akisema wenzake walicheka. Uwanjani alipaza sauti. "Mwikali, toka golini! Toka, usiogope!" Na mimi, ambaye sikuwa na ndugu wala rafiki, nilitoka. Tulianza kurudi nyumbani pamoja kila jioni, na kwa mara ya kwanza nikawa na mtu wa kumsubiri.

Tulicheza na shule za jirani, tukashinda, tukaanza kujulikana. Kisha tukaenda kucheza upande wa Kabati. Kavindu alifunga, akafunga tena, na alipofunga bao la tatu mama mmoja pembeni ya uwanja akapiga kelele, "Huyo si msichana! Huyo amezunguka jiwe!"

Watu wakaangua kicheko. Nadhani hata yule mama alisema kwa mzaha tu. Lakini mzaha ule ulifika kijijini kabla yetu.

Mambo yalibadilika polepole, kiasi kwamba mwanzoni sikuelewa. Kwenye kisima wanawake walinyamaza Kavindu alipofika na punda wake. Msichana mmoja akaacha mazoezi, eti ana kazi nyumbani. Mwingine akasema baba yake amekataa, asije naye akageuka. Kanisani mzee mmoja aliomba kwa sauti kwa ajili ya "watoto wetu wanaopotezwa na michezo." Kisha shule tuliyotarajia kucheza nayo ikatuma ujumbe kwamba haitaleta timu hadi Kavindu akaguliwe na wanawake watu wazima.

Mwalimu Ndanu alikataa. Alikuja kutuambia uwanjani, macho mekundu. "Hakuna mtoto wangu atakayevuliwa nguo kwa sababu anajua mpira."

Kavindu alikuwa ameketi chini akichora mchangani kwa kidole. Njiani tukirudi ndipo aliponishika mkono.

"Jumapili nitalizunguka."

"Nini?"

"Jiwe. Nitalizunguka mara zote hizo watu wakitoka kanisani. Wataona sijageuka, na hayo maneno yataisha."

Nilimwambia maneno ya Susu. Akasema, "Basi baki." Sikubaki. Nilikuwa na hofu ya kugeuka, lakini hofu ya kumwacha aende peke yake ilikuwa kubwa zaidi.

Kulizunguka jiwe lile si kazi ndogo. Hakuna njia ya maana, ni vijia vya mbuzi katikati ya miiba, mawe na mashimo. Jua lilikuwa kali. Kila tulipomaliza mzunguko nilijipapasa kidevu na kifua kwa siri, nikamwona naye ananitazama, tukacheka kidogo, tukaendelea. Baadaye hatukucheka tena. Miguu ilikuwa inatoka damu na tulikuwa na kiu. Kwenye mzunguko wa mwisho Kavindu alitembea mbele, mgongo wima, na sikumfikia.

Watu walikuwa wametoka kanisani, wakasimama barabarani kututazama. Kavindu akaenda hadi karibu yao.

"Nimemaliza," alisema kwa sauti ile yake nzito. "Ni mimi yuleyule. Njooni mniangalie."

Hakuna aliyekuja. Mama mmoja alimvuta mwanawe nyuma ya sketi yake. Kisha wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, bila kumtukana, bila kumjibu. Kavindu akabaki pale barabarani na nguo yake ya Jumapili iliyochanwa na miiba, na ninaamini ndipo alipofahamu alichokuwa amefanya. Mpaka siku ile walikuwa wamesikia tu kwamba alizunguka jiwe. Sasa walikuwa wamemwona.

Kabla muhula haujaisha alipelekwa kuishi na shangazi yake katika mji wa Wote, kule Makueni. Hakuniaga. Nilifika kwao asubuhi kumpitia twende shule, mama yake akaniambia bila kunitazama, "Ameenda." Timu haikudumu baada ya hapo, na Mwalimu Ndanu naye akahamishwa. Aliniachia mpira. Kwa muda nilikuwa nikienda uwanjani jioni na kuupiga ukutani mwa choo cha shule, unanirudia, naupiga tena. Siku moja sikwenda.

Nilimlilia Susu akiwa anapembua ndengu.

"Nilikwambia," alisema kwa upole. "Harudi vile alivyokwenda."

"Lakini hata mimi nililizunguka, Susu! Mara zote! Mbona hawasemi mimi nimegeuka?"

Mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Wewe, mwanangu, hakuna aliyekuwa akikutazama."

Nimeishi na jibu hilo miaka mingi. Kuna siku lilinifariji na kuna siku liliniumiza. Susu aliamini jiwe lina nguvu, na aliamini hivyo hadi alipofariki. Mimi naamini jiwe lilikuwa limesimama tu. Waliogeuka siku ile ni watu waliokuwa barabarani.

Mwaka jana nilikwenda Wote kwa shughuli ya shamba katika ofisi za kaunti. Nikipita sokoni nilisikia sauti nzito ikitaja bei ya maembe, nikaitambua kabla sijageuka. Ni yeye. Amenenepa, amefunga leso kiunoni, na kando yake msichana wa miaka kama kumi na miwili alikuwa akipanga mafungu.

"Kavindu," nikasema. "Ni Mwikali. Wa Nzambani."

Alinitambua. Niliona. Akaniuliza habari za Susu, nikamwambia amelala. Akasema pole, na alisema kwa moyo. Halafu mimi, kwa furaha, nikamgeukia mtoto.

"Unajua mama yako alikuwa mchezaji wa mpira? Hakuna aliyemweza Kitui yote!"

Msichana aliinua macho, uso ukimng'aa. "Mama? Kweli?"

Kavindu alikuwa akipangusa embe kwa pembe ya leso. Hakuacha.

"Hapana," alimwambia mwanawe kwa sauti ya chini. "Huyu anafikiria mtu mwingine."

Kisha akanitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa akiniomba.

"Labda," nikasema. "Ni zamani. Labda nimechanganya."

Alinipa maembe na kukataa nilipe. Tuliagana vizuri. Nikaenda nikapanga foleni kwenye ofisi ile, maembe mkononi, nikiwa nimezungukwa na watu. Timu yetu haikuwahi kupigwa picha, na wenzetu wengine sijui waliolewa wapi. Nilimpa Kavindu alichoniomba, na angeniomba tena ningempa tena. Ila tangu siku ile timu imebaki na mchezaji mmoja tu, naye alikuwa kipa.