Sinia la Wakubwa

Wakubwa wale wa nchi ya kigeni iliyogawanyika kwa vita walipofikia hoteli moja ya Mji Mkongwe kuzungumza amani, Bi Mayasa wa Kiembe Samaki aliitwa kuwapikia, naye akenda mbio. Binti yake Nadra ameolewa katika nchi yao, ana mimba ya kwanza, na kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama. Lakini Nadra anakaa upande wa serikali moja, uwanja wa ndege uko mikononi mwa serikali ya pili, na barabara ya katikati imefungwa.

Serikali mbili, nchi moja! Wimbo wao wa taifa ni ule ule, viongozi wao wamesoma pamoja, wakampindua rais pamoja. Leo wanabishana asubuhi nzima nani atangulie kuingia ukumbini, watu wazima na ndevu zao. Aibu hawana.

Mwishowe, kwa taabu, wakakubaliana jambo moja tu: barabara ifunguliwe. Saini zitatiwa baada ya chakula. Bi Mayasa alilia jikoni kwa furaha, na zabibu akazitia kwenye pilau mpaka zikazidi.

Akapakua kama tunavyopakua shughulini, sinia moja watu wanne. Hakuuliza nani wa upande gani. Aliyekwisha kunawa alikaa palipo wazi. Mpiga picha wa gazeti akawapiga picha. Hapo mjumbe mmoja mnene, mkono umeshafika kwenye nyama, akainuka anafoka.

"Picha hii itasema tumewatambua hawa kuwa serikali! Nani kaamrisha tule nao sinia moja?"

"Mie," alijibu Bi Mayasa. "Ndiyo ada yetu. Sahani zipo, nnakuleteeni kila mtu yake. Tieni saini tu, mwanangu anataka kuja kuzaa."

Hakuna aliyemtazama. Wakatoka kwa milango miwili, wengine bado wanajilamba vidole, na mazungumzo yakaahirishwa bila ya tarehe. Redioni wakasema matumaini ya amani bado yapo. Matumaini gani? Watu wameshindwa kula wali!

Jioni Nadra akapiga simu.

"Shikamoo mama. Wameshatia saini?"

"Marahaba. Huko kwenu mkunga yupo?"

Nadra akauliza tena. "Mama, wameshatia saini?"

"Mtafute mkunga, mwanangu."