Anayelala Chini ya Theluji

Mwaka ule mdogo wangu wa kike alikaribia kurudia darasa kwa sababu ya kunyamaza. Kuandika aliandika vizuri, ila akiitwa mbele ya wenzake Kiingereza kilimkaukia mdomoni. Mwalimu wa sayansi akampa nafasi ya mwisho: azungumze dakika tano juu ya mnyama mmoja na kujibu swali.

Alichagua mnyama wa milima ya Australia, mdogo kama panya, anayebeba watoto mfukoni kama kangaruu. Nilimuuliza kwa nini hakuchagua simba. Alisema simba alikwisha kuchukuliwa.

Mimi niliacha shule wazazi walipofariki, nikawa nasuka nywele katika saluni karibu na Albert Park, katika mji wa ugenini tuliokimbilia. Alijifunzia hapo, akikariri kama tulivyofundishwa kwetu Bukavu, neno kwa neno. Mnyama hunenepa kabla ya baridi. Hujikunja chini ya theluji, mwili ukapoa karibu kama theluji yenyewe. Kila baada ya siku kadhaa huamka, akapata joto, halafu hulala tena.

“Anaamukaka kula?” aliuliza mteja wangu, mke wa mchungaji, naye wa kwetu, kichwa kikiwa mikononi mwangu.

“Hapana, mama,” mdogo wangu alimjibu. “Mara nyingi hali kitu.”

“Sasa anaamukaka kufanya nini?”

Kitabu cha maktaba kilisema wataalamu hawana hakika. Lakini katika shule tuliyotoka, asiyekuwa na jibu alipigwa fimbo.

“Ni kusali,” yule mama akajijibu. “Kitu kingine iko wapi?”

Nilicheka. Mdogo wangu aliandika.

Wiki iliyofuata niliitwa shuleni. Mwalimu alisema mtoto alizungumza dakika zote tano bila kukwama, kisha akalieleza darasa kwamba mnyama huamka kusali. Darasa lilicheka mpaka kengele.

“Ni wewe uliyemfundisha?”

Ningeweza kumtaja mke wa mchungaji.

“Ndiyo.”

“Jibu ni kwamba hatujui.”

“Analijua. Aliogopa kulisema. Tulikotoka, jibu hilo lilikuwa na fimbo.”

Mwalimu alimwita mdogo wangu aliyekuwa akingoja nje, akamuuliza upya: mnyama huyu huamka kwa nini?

Mdogo wangu alinigeukia. Sikumsaidia. Sikuwa na cha kumsaidia nacho.

“Hakuna anayejua,” alisema, kwa Kiingereza. “Mimi pia sijui.”

Mwalimu aliandika kitu kwenye daftari lake, akaniambia nimtafutie sketi ndefu zaidi. Darasa la juu, alisema, hawaruhusu fupi kama hii.